Kesi ya Nzi wa Mawe

Mtu akitaka kumwudhi Mama Mawe, amwambie tu kwamba anafanya kazi ya uchafu. Atamtazama kuanzia utosini hadi kwenye kidole cha mguu, kisha atamjibu kwa upole unaouma: "Uchafu ni wako, mwanangu. Mimi kazi yangu ni usafi." Baada ya hapo atarudi kwenye shughuli zake, na huyo aliyesema atabaki anatafuta pa kuweka mikono yake.

Na ana haki ya kujivuna. Kila kinachotoka kwenye vyoo, mabafu na masinki ya mji ule kinaishia kwake. Kinashuka kwenye mabomba ya chini ya ardhi hadi kwenye mtambo ulio pembeni mwa mji, karibu na mto. Kinapita kwenye nondo zinazozuia matambara na vijiti, kinatulia kwenye tangi la saruji ili mazito yazame, halafu maji yaliyobaki, ya kijivu na yenye harufu bado, yanaletwa kwenye vitanda. Kitanda kwa lugha ya pale ni duara kubwa la saruji lililojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, na juu yake mikono mirefu ya bomba inazunguka polepole ikinyunyiza maji taka. Mawe yana utelezi, na utelezi huo una uhai; ndio unaokula uchafu maji yanapochuruzika. Juu yanaingia maji ambayo usingependa hata kuyatazama. Chini yanatoka maji yanayokwenda mtoni bila kumwonea mtu aibu, na huko chini watu wanafulia na kumwagilia mboga zao.

Msimamizi wa vitanda hivyo ndiye Mama Mawe. Aliingia pale kama mfagizi, mjane kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Bosi wa wakati huo alimwambia mwanamke hawezi kudumu kwenye mawe. Bosi mwenyewe hakudumu. Alihamishwa, na aliyemsaidia kufunga mizigo ni yule yule mwanamke asiyeweza kudumu. Tangu hapo ameona mabosi wakija na kuondoka kama wageni wa harusi, naye yupo, na buti zake, na reki yake, na glasi yake. Kila asubuhi huchota kwa glasi hiyo maji yanayotoka chini ya vitanda, huiinua kuelekea jua, na kutazama kidole gumba chake kupitia upande wa pili. Akiona mistari ya kidole, siku imeanza vizuri. Asipoiona, mtu wa zamu ajiandae kujieleza.

Kitu kimoja tu kilimtia doa, nacho kilikuwa na mabawa. Ni wale nzi wadogo wa kijivu, wenye manyoya, ambao kila mtu amewahi kuwaona wamejibandika kwenye ukuta wa bafu. Bafuni wanakuwa watatu, wanne. Kwenye vitanda walikuwa wingu. Walizaliana kati ya mawe, wakatoka kwa maelfu, wakavuka uzio na kuingia kwenye nyumba za wafanyakazi, na ya kwanza kabisa kutoka uzioni ilikuwa nyumba ya Mama Mawe. Walielea kwenye chai. Walikufa kwenye rangi mbichi ya dirisha wakabaki hapo kama nukta. Wageni wake walikuwa wakiongea huku wamefunika vikombe kwa viganja.

Sasa, pale mtamboni wafanyakazi walikuwa na mchezo wao wa saa ya chakula, nao waliuita mahakama. Mtu mmoja anamshtaki mnyama yeyote amtakaye. Swali la kesi ni moja: huyu akiondolewa duniani kesho, nani atalia? Mwingine anamtetea mshtakiwa. Mtetezi akimpata wa kulia, awe ndege, mti au binadamu, mshtakiwa anaachiliwa. Jaji alikuwa Fundi Pampu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na maneno machache kuliko wote. Kwa miaka mingi mahakama ile haikuwahi kumfunga mtu. Panya aliachiliwa kwa kilio cha bundi. Nyoka aliachiliwa kwa kilio cha mkulima ambaye panya wangemmaliza. Fisi naye alitoka huru na heshima zake, kwa sababu hakuna aliyejitolea kuzoa mizoga badala yake. Kesi ya mbu iliahirishwa kila mara, maana jaji alikuwa anajikuna na mtetezi pia anajikuna.

Siku moja Mama Mawe alisimama na kumshtaki nzi wa mawe. Aliyemtetea ni Injinia, mkuu wa mtambo, mwanamke wa makamo ambaye hakupenda kubishana akiwa na njaa. Kwa hiyo alimaliza kwanza chakula chake.

"Nzi mkubwa sina habari naye," alisema akifuta mikono. "Lakini mtoto wake, yule buu anayeishi kwenye mawe, anakula utelezi. Anaupunguza. Ukimwondoa, utelezi utanenepa mpaka uzibe njia ya maji."

"Dada yangu, heshima yako iko pale pale," Mama Mawe akajibu. "Lakini mawe haya nimeishi nayo tangu mwanangu hajaota meno. Utelezi unapunguzwa na maji yenyewe, na unapunguzwa na hii." Akainua mikono yake miwili, mipana, yenye sugu. "Hiyo habari ya buu umesoma. Uliwahi kuona kitanda kisicho na buu?"

"Sijawahi."

"Basi leta shahidi."

Injinia akacheka. "Shahidi sina. Nakuambia tu hivi: sikatai kwamba huenda yuko mnyama anayeweza kuondoka na dunia isijue. Inawezekana wapo wengi. Shida ni kwamba huwezi kumjua mpaka awe ameshaondoka."

"Huo si utetezi, ni hofu," akasema Mama Mawe.

Fundi Pampu alikuna kidevu, akatazama nzi mmoja aliyekuwa anazama kwenye mchuzi wake, na akatoa hukumu. Nzi wa mawe ana hatia. Aondoke. Watu wakapiga meza kwa vicheko, kila mtu akaenda kazini kwake, na kwa wote mchezo ukaishia hapo. Kwa Mama Mawe haukuishia, kwa sababu alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa binti yake. Yule mtoto wa mgongoni sasa alikuwa mwalimu wa chekechea, mrefu kuliko mama yake, na alikuwa amepata mchumba. Wazazi wa mchumba wangekuja kula chakula cha mchana na kumwona mama wa binti kwa mara ya kwanza. Baba wa kijana alikuwa dereva mstaafu wa malori. Mama yake alikuwa na duka la vitambaa, mwanamke wa kunyoosha kila kitu kwa pasi. Binti alikuwa amewaambia kwamba mama yake yuko idara ya maji. Huo haukuwa uongo. Lakini mtu akisema "idara ya maji" wasikilizaji wanaona meza, feni na mhuri, na binti aliwaacha waone hivyo.

Mama Mawe alilijua hilo na lilimkaa rohoni. Hakumgombeza. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kwa moyo wake wote: siku hiyo mwanawe aitaje kazi ya mama yake kwa jina, mbele za watu, kichwa juu. Alipomuuliza nini kinamzuia, binti alitazama sakafu.

"Si kazi, Mama. Kazi yako naijua. Ni hawa nzi. Nikisema tu mtambo wa maji taka, halafu nzi anatua kwenye sahani ya mama mkwe, nani atasikiliza hayo mengine?"

"Wasipokuwepo?"

"Wasipokuwepo nitasema yote."

Basi Mama Mawe akakata shauri. Njia ya kuwapunguza nzi ilikuwepo na ilikuwa halali: unafunga valvu ya chini ya kitanda, maji yanajaa mpaka juu ya mawe, unayaacha siku nzima, mabuu wanakufa maji. Injinia aliruhusu jambo hilo lifanyike mara moja moja wakati wa joto. Mama Mawe alilifanya kila wiki. Alizamisha kitanda cha kwanza, akazamisha cha pili, akapaka kuta chokaa, akapuliza dawa kwenye kila ufa. Cha tatu tu, kidogo na cha zamani, kilimshinda, maana valvu yake ilikuwa imelika na haikufunga. Alikitukana kitanda hicho kama mtu anayemtukana mbuzi mkaidi, akakiacha.

Na nzi wakaisha. Sisemi walipungua, waliisha, isipokuwa wale wachache wa kitanda cha tatu ambao hawakuweza hata kufika uzioni. Watu walikunywa chai vikombe vikiwa wazi. Majirani walimpungia mkono kutoka madirishani. Fundi Pampu, ambaye hakuwa mtu wa sifa, alimwambia, "Hukumu imetekelezwa." Mama Mawe alitembea wiki zile kifua mbele, na mtu akimsalimia alijibu kwa sauti ya mwenye nyumba. Binti yake alikuja akakaa kibarazani jioni nzima bila kupunga mkono kufukuza nzi hata mara moja, na alipoondoka alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Wiki ya ugeni ilipofika, Mama Mawe aliinua glasi yake asubuhi na hakuona kidole. Aliifuta glasi kwa pindo la nguo, akachota tena. Akaona kitu cheusi kilichoweza kuwa kidole cha mtu yeyote. Alipanda ngazi ya kitanda cha kwanza mbio, na huko juu akakuta madimbwi. Maji yaliyotakiwa kuchuruzika yalikuwa yamesimama juu ya mawe, meusi, yanatoa mapovu. Alichomeka reki, nayo ikatoka na pande la utelezi nene kama godoro lililolowa. Kitanda cha pili kilikuwa hivyo hivyo. Na harufu ilianza kupanda, si ile ya kila siku waliyoizoea, bali harufu ya kitu kilichokufa.

Kisha akaenda kwenye kitanda cha tatu. Huko maji yalikuwa yanachuruzika kwa raha zao, mawe yana utelezi mwembamba, na alipogeuza jiwe moja aliwakuta mabuu wamejaa, wembamba, wanajikunja, wanakula. Alichota maji ya chini yake akainua glasi. Mistari ya kidole ilionekana yote.

Alikaa pale kwenye ukingo wa saruji kwa muda. Shahidi aliyemtaka alikuwa amefika, tena amekuja na mizigo yake. Aliona haya, na haya yake haikuwa ya kushindwa kesi. Aliwaza wale watu wa huko chini mtoni, ndoo zao na mashuka yao, na kwamba asubuhi hiyo walikuwa wanapokea kutoka kwake maji ambayo yeye mwenyewe asingenawia miguu.

Alimfuata Injinia ofisini akafunga mlango. "Dada, ni mimi," alisema. "Nilizamisha kila wiki. Nilimtaka nzi atoke kabisa, na ametoka kabisa."

Injinia aliweka kalamu chini. "Chokaa niliiona," akasema. "Nilijua unazidisha. Lakini na mimi nilikuwa nakunywa chai isiyo na nzi, nikanyamaza. Tuvae buti."

Wakafanya kazi siku zote zilizobaki, wao wawili na Fundi Pampu na watu wa zamu. Walichimbua mawe kwa reki za meno marefu, wakayapiga maji ya mpira wenye nguvu, wakayachimbua tena. Maji machafu waliyarudisha kwenye tangi la mwanzo ili yasiende mtoni, lakini tangi hilo halikuwa na nafasi ya kudumu. Lingefika mahali lifurike. Na mawe ya kitanda cha tatu, yenye utelezi na mabuu wake, yalibebwa kwa ndoo na kupandwa kwenye vitanda viwili vikubwa kama mtu anavyopanda miche. Mama Mawe ndiye aliyechagua kila jiwe. Aliwabeba wale mabuu kwa mikono miwili, polepole, asimwangushe hata mmoja.

Jumamosi Injinia alimwambia, "Kesho nenda nyumbani. Una wageni."

"Siwezi. Mto haujui kama nina wageni."

Alimtuma kaka yake akawapokee, mtu mwenye maneno mengi ambaye angeweza kuwashikilia wageni hata bila chakula. Kisha akamwambia binti yake ukweli wote, bila kupunguza. Nimeharibu mwenyewe, siku yako imeingia harufu, na mimi sitakuwepo mezani. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Alishika mkono wa mama yake, akautazama, akauachia.

Jumapili mchana Mama Mawe alikuwa katikati ya kitanda cha kwanza, matope meusi hadi kwenye viwiko, kitambaa cha kichwa kimelegea, pale aliposikia sauti ya kaka yake ikieleza jambo ambalo kaka mwenyewe hakulijua. Aligeuka. Kwenye ngazi ya chuma walikuwa wanapanda watu: kaka yake, mchumba, mzee mwenye mabega mapana, na mwanamke aliyevaa nguo iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingekata mkate. Mbele yao alikuwa binti yake, na viatu vya visigino virefu mkononi.

Mama Mawe alitamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa alikuwa amesimama juu ya mawe aliona haitapasuka. Akajinyoosha. Kama ni kuonwa, aonwe amesimama.

"Karibuni," akasema. "Mikono yangu haishikiki leo. Mtanisamehe."

Mama mkwe mtarajiwa alivuta hewa, akajuta, akatoa hewa yote kwa pua. "Tulikaa mezani," akasema, "harufu ikaingia, na mjomba hapa akaanza kutuambia ni kiwanda cha ngozi cha jirani." Kaka mtu akatazama mawingu. "Binti akamkatisha. Akasema si kiwanda, ni kazini kwa mama, twende mkaone. Nikaacha kijiko."

"Kwa hiyo wewe unafanya nini hapa?" akauliza yule dereva mstaafu. Hakuuliza kwa dharau. Alitazama mikono ya bomba ya kitanda cha tatu inavyozunguka kwa jicho la mtu anayependa mashine.

Mama Mawe alifungua kinywa kujibu. Alikuwa na jibu lake la miaka yote, lile la uchafu ni wako. Lakini binti yake aliwahi.

"Maji yote ya mji huu yanayotoka majumbani yanapita mikononi mwa mama yangu kabla hayajaingia mtoni," alisema. Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia darasani, ya kumfikia mtoto wa kiti cha nyuma. "Yenu pia. Mama anasafisha maji taka. Niliwaambia idara ya maji kwa sababu niliona aibu, na aibu ilikuwa yangu, si yake. Hivi mnavyosikia harufu ni kwa sababu aliwaondoa wadudu fulani ili mimi nisiaibike, kumbe wadudu wenyewe ni wenzake wa kazi. Sasa anawarudisha. Angeweza kuja kukaa nasi kula. Amekataa, kwa sababu kuna watu kule chini wanachota maji."

Mikono ya bomba ilizunguka mara moja ikarudi.

"Wadudu gani hao?" akauliza mwenye duka la vitambaa.

Mama Mawe aliokota jiwe ndooni akalipeleka hadi ukingoni. Yule mwanamke akainama, mikunjo na yote, akawatazama mabuu wakijipenyeza kwenye utelezi.

"Hawa ni wa kazi?"

"Ni wa kazi."

"Mimi ningewaua wote."

"Na mimi niliwaua wote," akasema Mama Mawe, na wakatazamana, wakaanza kucheka kwa pamoja, cheko la watu ambao watakuwa wanapigiana simu hata bila sababu.

Yule mzee alisogea karibu. "Na mbu je? Huyo naye tusimwondoe?"

"Mzee wangu, mimi sijui. Labda yupo anayeweza kutoka bila neno. Ila mnisamehe, kazi ya kumchagua mpeni mtu mwingine. Mimi nimeacha."

Injinia, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda na mpira wa maji, alisikia hayo akainamisha kichwa, akaendelea kupiga mawe. Ndoo zilikuwa bado nyingi na jua lilikuwa kali. Mama Mawe aliwaambia wageni warudi nyumbani, chakula kinapoa, naye atawafuata maji yakianza kupita.

Binti yake aliweka viatu vyake juu ya ukuta, vimeelekezwa nje ili visilowe. Alipandisha nguo yake nzuri, akaifunga fundo pembeni, akashuka kwenye mawe miguu mitupu. Akateleza, akajishikilia, akasimama. Aliinama akashika ndoo iliyojaa mawe ya kitanda cha tatu, na kila mtu pale akaona kwamba ni nzito kwake.

Mchumba wake alitaka kwenda kumpokea. Mama Mawe alimzuia kwa kumtazama tu. Alisimama na matope yake hadi kwenye viwiko, akamtazama mwanawe akivuka kitanda kizima na ndoo ile, mbele ya wakwe zake, na akamwacha aibebe.